Mama Mkwe na Tembo wa Upande wa Kushoto

Jumapili, 4 Agosti

Mdomo wangu huu! Iko siku nitaushona.

Tumekula mchana kwa wakwe. Mwanyumba wangu naye alikuwepo. Tumeoa dada wawili, yeye mkubwa, mimi mdogo, na tangu hapo ni kupimana vifua tu. Kaja na gari jipya. Kaliegesha mlangoni kabisa, upende usipende ugusane nalo ukiingia. Mama mkwe akatuambia Jumanne ya wiki ijayo anapasuliwa jicho la kulia. La kushoto nalo limeanza ukungu, na daktari hakuahidi kitu. Akasema, wala hakulalamika, kwamba umri wote huu tembo hajamwona ila kwenye kalenda, na angependa amwone kwa macho yake kabla ya kisu.

Mwanyumba akafungua kinywa. Nikajua anataka kusema nini. Nikamuwahi! Nikasema Jumamosi nampeleka mbugani mimi mwenyewe, mbuga ile naijua kama kiganja changu, na mkuu wa askari wa pale namnyoa mimi.

Mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniombea dua.

Mbugani sijawahi kukanyaga. Gari sina. Unyozi ni wangu kweli, ila huyo mkuu wa askari simjui hata kisogo.

Jumatatu, 5 Agosti

Mwanyumba kapiga simu. Anajitolea gari lake, twende wote, mama akae kwa raha. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. Nikamjibu ahsante, usafiri upo, wa kitalii. Nikaongeza kwamba safari yenyewe imesogezwa hadi Jumapili.

Kwa nini nilisema Jumapili? Sijui. Uongo ukishaingia nyumbani huanza kuzaa.

Jumatano, 7 Agosti

Leo nimefanya mazoezi ya kuwa mjuzi wa wanyama. Mteja akikaa kitini tu, namshukia na somo: simba anavyolala, twiga anavyokunywa. Mwalimu mkuu akaja kunyoa, nikampa somo la tembo. Nikawa namwonyesha mkonga unavyoshuka. Mkonga ukashuka, na mashine ya kunyolea nayo ikashuka, kutoka utosini hadi kwenye nyusi. Barabara nyeupe katikati ya kichwa!

Ilibidi kunyoa zote. Aliniuliza kama hilo nalo limo kwenye somo. Kesho ana mkutano wa wazazi, maskini.

Ijumaa, 9 Agosti

Gari limepatikana! Mwoka mikate kaniazima lake la kusambazia mkate. Chapa ya mkate mkubwa ubavuni, lakini magurudumu yote manne yapo. Kwa malipo nitamnyoa bure yeye na ukoo wake mpaka watakapochoka.

Mke wangu akauliza lina viti vingapi. Nikasema nafasi ni tele. Akauliza kama lina madirisha. Nikasema lina hewa. Akaenda kupiga pasi nguo za mama yake.

Jumamosi, 10 Agosti

Ee Mola, nifukie.

Asubuhi mama mkwe akatoka amependeza, viatu vipya, miwani imefutwa ikang'aa. Akaliona gari. Akairekebisha miwani, mkwe husitiriwa. Shida ikaja kwenye kukaa. Mbele kuna kiti kimoja kirefu, cha dereva na mtu mmoja tu, na dereva ni mimi. Mama mkwe abanane na mkwewe bega kwa bega, kila kona tuegemeane? Haiwezekani! Yeye mwenyewe alisema bora atembee kwa miguu. Mke wangu akataka aendeshe yeye, mama akae pembeni yake, lakini leseni hana. Basi mama akaingia nyuma, akakaa kwenye kiti cha plastiki nilichokifunga kwa kamba katikati ya trei za mikate. Heshima tukaitunza barabara. Nyuma hakuna dirisha hata moja, ila tundu la hewa kwenye paa.

Nilijiambia tukifika nitajua la kufanya.

Getini askari waliniuliza kama nimeleta mkate wa kantini. Nikamtaja mkuu wao, rafiki yangu. Wakasema mkuu wao ni mwanamke, na anasuka.

Tukaingia. Haikupita muda mke wangu akapiga kelele: tembo! Mkubwa, karibu na barabara, na mtoto wake ubavuni. Mama akauliza kwa sauti ya furaha yuko upande gani. Nikasema kushoto, mama, kushoto! Kisha akasema kwa adabu kwamba kushoto anaona trei.

Ndipo nikafanya akili. Nikarudi nyuma taratibu, nikaligeuza gari, nikashuka kufungua mlango wa nyuma achungulie. Kushuka ni marufuku, bango limeandikwa kwa herufi kubwa. Harufu ya mkate ikatoka kabla ya mama. Nyani! Ukoo mzima! Nikakimbilia usukani, mlango wa nyuma wazi. Mama mkwe wangu, mwanamke mwenye staha zake, alipigana na nyani kwa mkoba. Wakanyakua makombo na kiatu chake kimoja.

Nani akatokea? Mwanyumba, na gari lake jipya. Dada wawili hawana siri, mke wangu alishamwambia dada yake siku ya kweli. Askari wakaja, wakawafukuza nyani, wakamvusha mama, mguu mmoja pekupeku, hadi kwenye gari la mwanyumba. Mke wangu akamfuata. Nikabaki mimi na nyani mmoja juu ya paa.

Tembo alikuwa bado yupo. Niliuona mkono wa mama umeshikilia dirisha, hauachii. Nikaona mabega yake yanatikisika, analia. Na mimi wakati huo nilikuwa naomba injini ya mwanyumba izimike. Mama anamwona tembo, na mimi naomba injini izimike! Mtu gani mimi? Nimeona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Jumapili, 11 Agosti

Sijatoka chumbani. Mke wangu anazungumza na ukuta, nami nasikia.

Jumatano, 14 Agosti

Tumekwenda hospitali kumwona mama. Jicho la kulia limefungwa bandeji, na daktari bado haahidi kitu. Mama alikuwa anawasimulia wagonjwa wa wodini habari za tembo na mtoto wake, masikio yalivyopepea, vumbi lilivyoruka. Nikajua sasa zamu ya nyani inakuja. Haikuja. Akaninyooshea kidole, akasema safari yote aliipanga mkwewe yule. Mwanyumba kasimama pale pale, akatabasamu, akanyamaza.

Nilitoka wodini nikalia kama mtoto. Ningetukanwa ningepumua. Nikala kiapo, mbele ya ukuta wa hospitali, kwamba sitaahidi tena kitu nisichokuwa nacho.

Nikarudi ndani. Bibi wa kitanda cha pili, macho yote mawili yamefungwa, akauliza kama mimi ndiye yule wa tembo. Nilitaka kusema si mimi. Nikasema ndimi. Akasema yeye twiga tu, twiga mmoja, akifunguliwa macho. Nilifanyeje? Nikamwambia wodi nzima itakwenda, wauguzi wakiwemo, kwamba basi lipo, na twiga wa kule wananijua.

Wakapiga makofi. Mama mkwe akanitazama kwa jicho lake moja lililo wazi, kisha akalifumba.

Ni dawa zile, zinaleta usingizi.