Neno Moja tu: HAI

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata! Jirani na mimi sote tunakamua alizeti, mashine zetu zinatazamana. Mafuta yake yanagombaniwa, yangu yanakusanya vumbi. Tofauti ni kijilebo cha kijani: Kilimo Hai, yaani kisichotumia kemikali. Eti mkaguzi humtembelea shambani. Mkaguzi wa nini? Nimechapisha lebo mia tano zenye neno moja tu, HAI. Nimebandika kwenye chupa, zilizobaki kwenye pakiti za mbegu za kutafuna, zile ninazozikaanga na maganda yake. Mke wangu kauliza nani kathibitisha. Nikamwambia gundi.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kaja! Tangu harusi hajanisifu hata kwa bahati mbaya. Leo kasoma lebo, kachukua pakiti ishirini, kasema sasa nimekuwa mtu. Akinikubali yeye, kikundi chake chote cha akina mama kitahamia kwangu. Pakiti ishirini, kwa meno yale machache! Sikuuliza.

Jumapili, 16 Machi
Balaa. Kumbe kazipanda! Shamba zima. Siku kumi anamwagilia, hakuna hata jani. Kaja na kopo la udongo, kaliweka mezani kwangu taratibu.

"Mkwe wangu, umeandika hai, nami nikapanda. Kumbe nilikuwa nazika."

Nikajitetea kwamba hiyo ni hai nyingine. Akauliza ipi. Nimeona aibu, tena ya kweli.

Jumanne, 18 Machi
Jirani kampa mama mkwe mbegu zake, msimu haujapita. Hata hakunicheka, mshenzi yule. Kanionyesha siri yake: daftari. Kila samadi, kila palizi, kila gunia, vyote kaandika, na mkaguzi hulinganisha na shamba. Kasema hata mimi naweza, ataniletea mkaguzi mwenyewe. Mama mkwe kaahidi kwamba nikipata lebo ya kweli, atakuwa mteja wangu wa kwanza. Machozi yalinilengalenga. Nimebandua lebo zote.

Ijumaa, 28 Machi
Mbegu za mama mkwe zimeota! Mkaguzi anakuja kwangu Jumatatu, na safari hii niko tayari. Nimeazima daftari la jirani, nimelinakili lote kwa mwandiko mzuri. Samadi: ya ng'ombe wangu wawili. Sina ng'ombe. Nitasema wako malishoni.