Upasuaji wa Kompyuta za Bi Funguo

Siku hiyo Dokta alikuwa ameegemea friza ya shemeji yake, akifanya kazi aliyoijua kuliko zote, yaani kuwatazama wengine wakifanya kazi. Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa muuza nyama, mtu wa mikono minene na maneno machache. Maneno yake machache ya asubuhi ile yalikuwa haya: mwisho wa wiki Dokta awe amehama kwenye kochi la sebuleni, la sivyo avae aproni aanze kupasua mifupa. Dokta hakuwa na ugomvi na mifupa. Ugomvi wake ulikuwa na hilo neno "aanze".

Jina la Dokta hakupewa na chuo chochote. Alijipa mwenyewe, akalizoea, na mji nao ukalizoea. Amewahi kuwa daktari wa redio, daktari wa saa na, kwa muda mfupi ambao hapendi kuuzungumzia, daktari wa kuku.

Basi kwenye foleni ya nyama akasimama mzee mmoja aliyekuwa akitafuta nyumba ya kupanga, kanuna kweli kweli.

"Nimeshinda pale kwa Bi Funguo," akamwambia muuza nyama. "Kompyuta zinawashwa, kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka nikasinzia. Eti ni mfumo mpya waliouweka. Zamani zilikuwa zinawaka vizuri tu."

"Sasa umeonyeshwa nyumba?"

"Nimeonyeshwa kiduara."

Dokta akaacha kuegemea friza. Bi Funguo alikuwa dalali wa nyumba, mama wa makamo ambaye funguo za kiunoni mwake zilisikika kona nzima kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Kumbe huyu ana vyumba tele na kompyuta zinazosuasua, na huku kuna kijana anayejua kompyuta kidogo na hana hata chumba kimoja! Dokta akangoja shemeji ageuke kupima maini, akalitungua koti jeupe la bucha kwenye msumari, lile lililotoka kufuliwa, akachomoka nalo kwa mlango wa nyuma.

Ofisi ya Bi Funguo ilikuwa na meza tatu, kompyuta tatu, wafanyakazi watatu wenye mashavu mikononi, na benchi refu lililojaa wateja wanaopiga miayo.

"Nani amezilisha mashine hizi mfumo mpya bila kuziandaa?" Dokta aliuliza akiwa bado mlangoni, kwa ukali wa mkwe aliyekuta bibi harusi anafua.

Wafanyakazi wakatazamana. Yule wa dirishani akakiri. Ujumbe ulitokea kwenye skrini ukiuliza kama angependa kuboresha mfumo, naye akabonyeza ndiyo. Aliona si adabu kukataa.

Dokta akainama, akaiwekea sikio kompyuta ya kwanza. Akafumba macho. Ofisi nzima ikanyamaza, hata benchi.

"Inapumua kwa shida," akatangaza. "Mfumo mpya umeingia kabla wa zamani haujatoka. Sasa wamekutana mlangoni, hakuna anayempisha mwenzake."

"Maskini!" Bi Funguo akashika kifua. "Na mimi kila asubuhi naipiga makofi."

"Usirudie tena."

Bi Funguo akamvuta Dokta pembeni, nyuma ya kabati, akamnong'oneza. "Mwanangu, kungoja kwenyewe hakunisumbui. Kinachonisumbua ni lile benchi. Wateja wakikaa wanazungumza, wakizungumza wanalinganisha. Juzi wawili wamegundua nimewaahidi nyumba moja."

"Kwa bahati mbaya?"

"Ilikuwa nyumba nzuri."

Dokta akacheka mpaka akalishikilia kabati. Alimpenda palepale, kama fundi anavyompenda fundi mwenzake. Wala haikumpitia akilini kujiuliza mama wa namna hiyo anaishije na watu wanaomfanyia kazi. Alikuwa na haraka ya kumtapeli.

"Upasuaji huu mimi sichukui hela," akasema, akilinyoosha koti. "Hela inatia mikono yangu ganzi. Nasikia kuna chumba kwenye nyumba yako ya nyuma ya soko, chenye bafu ndani. Nikikaa hapo mwaka mzima bila kodi, mashine zako hazitakusumbua tena."

"Chumba kile?" Bi Funguo akakaa chini. "Hapana, baba. Kile nimemwekea mwanangu anayesoma mbali. Omba kingine chochote."

"Basi kwaheri, bi mkubwa." Dokta akalitupia benchi jicho. Bibi mmoja wa mwanzoni tayari alikuwa amemgeukia jirani yake na kumuuliza, wewe umeahidiwa ya wapi?

"Rudi," Bi Funguo akasema, na machozi yakamtoka. "Mwanangu atanielewa."

Dokta akaamuru watu wote watoke nje, mlango ufungwe, na yaletwe maji ya moto na taulo safi.

Sasa tuseme ukweli, maana hadithi nayo ina heshima yake. Kuhusu kompyuta Dokta alijua jambo moja tu, na hilo alilipata kwa kuchungulia juu ya bega la fundi halisi. Mfumo ukishabadilishwa, programu chungu nzima hujipa ruhusa ya kuamka pamoja na mashine, na zote zikiamka kwa mpigo, mashine inakwama. Akazifungua, akazikuta zimejipanga: ya redio, ya karata, ya hali ya hewa ya miji asiyowahi kuisikia, na ya printa iliyokwisha uzwa zamani. Akazizuia zisijiwashe zenyewe, moja baada ya nyingine, mashine zote tatu. Akazima, akawasha. Zikawaka papo hapo, na kiti chake kilikuwa hakijapata joto.

Hapo ndipo utapeli wenyewe ulipoanza, kwani nani atatoa chumba chenye bafu kwa kazi ya kubonyezabonyeza? Dokta akaosha uso kwa yale maji ya moto, akaosha na miguu, akalikunja taulo likawa mto, akajilaza chini ya meza. Kila alipokaribia kusinzia alikumbuka wajibu wake, akapiga ukelele.

"Shika! Shika hapo! Usiniponyoke!"

Huko nje wafanyakazi walishikana mikono. Yule mzee wa kiduara, ambaye alikuwa amerudi kujaribu tena bahati yake, akavua kofia.

Alipotoka, koti limelowa na nywele zimemsimama, alizionyesha tu mashine kwa kidole. Bi Funguo akaingia, akabonyeza kitufe, na kabla hajaondoa mkono skrini ikawaka yote. Watu wakashangilia. Yule mfanyakazi wa dirishani peke yake alipiga makofi kwa unyonge, maana chai yake ya asubuhi alikuwa akiinywa wakati kile kiduara kinazunguka.

Bi Funguo akauchomoa ufunguo kwenye shada, akaubusu, akampa. "Kitunze chumba cha mwanangu," akasema, akifuta pua.

Dada yake Dokta alifurahi mpaka akamzawadia godoro. Shemeji naye alimsindikiza kwa furaha hadi getini, jambo ambalo hajapata kumfanyia mtu, na kabla Dokta hajafika kona kochi lilikuwa limekwisha pata mteja. Dokta hakujali. Alitembea na godoro kichwani akipiga mluzi, mtu mwenye makazi.

Ufunguo ukazunguka bila kukwama. Mlango ukafunguka. Ndani, juu ya magodoro matatu, walikuwa wameketi wanaume watatu.

"Funga mlango, mbu wanaingia," mmoja akasema.

"Nyie akina nani? Hiki ni chumba changu!"

"Ndiyo," akasema yule mwenye rangi kwenye nyusi. "Na changu. Mimi ni fundi rangi. Huo ukuta unaouona, malipo yake ni chumba hiki."

"Fundi bomba," wa pili akanyoosha mkono. "Kajaribu maji ya bafuni. Yanatoka mpaka raha."

Wa tatu alinyoosha mkono ukutani, akazima taa, akaiwasha tena, kila mtu akaelewa.

"Wewe umemtengenezea nini?" fundi rangi akauliza.

"Kompyuta," Dokta akajibu kwa sauti ndogo. "Zilikuwa zinachelewa kuwaka."

"Alikulilia wakati anakupa ufunguo?"

"Alilia."

"Akakwambia alimwekea mwanawe?"

Dokta akaliteremsha godoro. Wenzake wakampa pole.

"Mbona hamwendi kumdai?"

"Mimi nilikwenda," fundi rangi akasema. "Nikarudi na kazi ya kupaka ngazi."

Dokta akatoa simu kwa hasira. "Bi mkubwa! Chumba kina watu!"

"Ufunguo umefungua?" Bi Funguo akauliza kwa upole.

"Umefungua, lakini..."

"Basi nimekunyima nini, baba? Wasalimie wanangu wote. Na asante sana kwa mashine. Leo benchi ni tupu. Wewe hebu fikiria, zingekuwa bado zinasuasua, ungekaa pale na fundi umeme, mkaanza kuzungumza." Akakata simu.

Dokta akaketi kwenye sehemu pekee ya sakafu iliyobaki, kona ya mbali, godoro limekunjwa mapajani. Aliona aibu, tena aibu ya kweli. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba zile mashine kazitengeneza kweli. Katika maisha yake yote ya udaktari, hao ndio wagonjwa wa kwanza waliopona, na tazama alivyolipwa.

Mvua ikaanza kunyesha. Tone likamdondokea katikati ya kichwa, likafuatwa na jingine.

"Paa linavuja!"

"Ni hapo tu," fundi bomba akamtuliza. "Ndiyo maana palikuwa wazi. Vumilia, Bi Funguo kasema amekwisha mpata fundi wa paa. Anaanza kesho."

Dokta akajifuta uso. "Na huyo fundi wa paa atalipwa nini?"

Fundi rangi alisimama, akashusha pumzi, akaanza kulisogeza godoro lake ukutani.