Malalamiko Dhidi ya Mdogo Wangu Vicent na Albamu ya Pili ya Nyati wa Chuma

Kwa Mzee Damasi,
Msemaji wa Ukoo, Sigino.

Shikamoo Baba Mkubwa,

Kichwa cha habari hapo juu kinanihusu mimi na mdogo wangu Vicent, na ukishasoma hadi mwisho utaona kinauhusu ukoo mzima.

Kaseti yenyewe unaikumbuka. Tuliachiwa na yule mwalimu wa kujitolea tulipokuwa sekondari, tukilala kitanda kimoja hapo kwako. Ni albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya zamani ambayo jina lake, kwa Kiswahili chetu, ni Nyati wa Chuma. Miaka yote tuliamini kwamba bendi ile ilirekodi albamu moja, ikaridhika, wanamuziki wakarudi kwao kulima. Kisha Vicent akanunua simu kubwa, akagundua kuna ya pili. Tangu hapo mdogo wangu si yule. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika kikao cha harusi ya binti yangu Vailet, mbele ya wakwe, Vicent alisema albamu ya kwanza inasikika "kama watu wanahamisha masufuria." Wakwe walicheka. Hawajawahi kuisikia, lakini walicheka. Baba Mkubwa, wimbo wa kwanza unaanza na ngoma peke yake, kama mvua inayoanza kugonga bati la jirani kabla haijafika kwako. Gitaa linaingia limechelewa, linahema. Katika wimbo wa tatu mwimbaji anakohoa, na hawakukifuta kikohozi. Walikiacha! Hao ni watu wakweli. Katika albamu ya pili hakuna anayekohoa. Nadhani walishapata daktari.

2. Vicent amefunga spika kwenye bajaji yake na anapiga albamu ya pili mji mzima, kuanzia Bagara hadi stendi. Akifika mbele ya cherehani yangu anapunguza mwendo. Juzi alimshusha mteja wangu, Mama Mwanne, na mama huyo alishuka anaimba kiitikio cha albamu hiyo. Nilimpima mama wa watu huku damu inachemka, na gauni lake sasa lina mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mama Mwanne ananilaumu mimi. Namtaja Vicent kuwa ndiye chanzo.

3. Amempotosha Vailet. Binti anataka kuingia ukumbini kwa wimbo wa taratibu wa albamu ya pili, wenye fidla. Fidla, Baba Mkubwa. Nilimwambia, "Mwanangu, nyumba hii imekulea kwa ngoma na gitaa." Akanijibu kwa heshima zote, "Baba, kwa albamu yako bibi harusi hawezi kuingia anatembea. Ataingia anakimbia."

4. Mke wangu Romana amekataa kuchagua upande. Alisema, "Wote wanapiga kelele, na ugali unapoa." Namwombea msamaha kwako, hakujua anachosema.

Kwa sababu hizo naomba uitishe kikao cha ukoo, kiamue kwamba Vicent asiwe msemaji wa familia siku ya harusi; kwamba wanangu wasimwite Baba Mdogo mpaka asikilize upande wa kwanza wa kaseti akiwa amesimama; na kwamba ukoo wetu, kwa kauli moja, usiitambue albamu ya pili. Yule ndume ambaye Vicent aliahidi kumtoa kwa ajili ya sherehe abaki. Ng'ombe hana kosa.

Ukoo ukishindwa kuafikiana, niko tayari harusi isogezwe mbele hadi wanamuziki wenyewe waandike barua ya kukiri walikosea.

Tangu Pasaka Vicent na mimi hatusalimiani. Kanisani anakaa benchi la nyuma yangu na kwenye kupeana amani nampa mkono Mzee Hezekia. Sikupenda iwe hivyo. Albamu ile tuliisikiliza wawili, na sasa nikiiweka naona kama nimemwekea chakula mgeni ambaye hakuja.

Nisalimie Mama Mkubwa Leonia, Tabitha na wanawe, majirani wote wa huko, na kila atakayekuuliza habari zangu, isipokuwa akiwa ametumwa na Vicent.

Ni mimi mwanao, ninayesubiri haki huku nikishona,
Pantaleo

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha Vicent aliingia. Hakusalimia. Aliweka simu juu ya cherehani na kusema, "Kaka, sikiliza wimbo huu wa mwisho wa albamu ya pili tu, halafu nifukuze." Nilisikiliza kwa kupinga. Kisha nikamwomba aurudie. Romana alipoleta chai alinikuta nimeshika kanga ya mteja nimeilowanisha machozi, na Vicent naye hakuwa na hali nzuri.

Kwa hiyo Vailet ataingia na fidla, na Vicent atazungumza kwa niaba yetu.

Hata hivyo, kikao usikivunje. Vicent ameniarifu kwamba kuna albamu ya tatu, na ni takataka. Sijaisikia, lakini nimekubaliana naye kabisa. Jumapili tutakuja wote wawili kwa bajaji yake kuishtaki.