Samadi Juu ya Paa

Jumatatu, 10 Julai 1961
Daftari, nisamehe. Tangu Pasaka sijakuandikia neno. Mayala anaota meno, nami silali. Lakini leo sina budi. Upepo hautulii, nyasi za paa zimekauka kama karatasi, na jana nyumba mbili hapa Butimba ziliteketea. Asubuhi ni baridi, kila mtu anaota jiko la mkaa, cheche zinaruka. Mwanangu analala chini ya nyasi hizo! Uhuru ni Desemba. Lazima umkute na paa.
Jirani Bernadeta ana bati. Kanipa pole, eti bati haliungui. Kanipa mara tatu.

Jumanne, 11 Julai
Nimepata! Kuta tumezisiriba kwa udongo na samadi ya ng'ombe, wala haziungui. Basi na paa nitalisiriba! Mbona hakuna aliyewaza? Venant, mume wangu, kasema huenda waliwaza wakaacha. Akaenda zake kazini.

Jumatano, 12 Julai
Nimeazima ngazi kwa Bernadeta. Kauliza ya nini. Nikasema atajionea. Udongo uliisha kwenye ndoo ya tatu, na kuufuata mwingine ni mbali, mtoto mgongoni. Nikamalizia na samadi tupu. Ndoo kumi na moja! Mgongo wangu!

Ijumaa, 14 Julai
Imekauka vizuri mno. Mama mkwe kafika kutoka Bujora. Nikapiga magoti, shikamoo. Anatazama juu. Akauliza, kwetu kuni zikiadimika tunapikia nini? Nikasema samadi kavu. Ndipo akasema marahaba.
Sikukubali. Nikabandua kipande, nikakitia jikoni pale uani, chini ya chungu cha maharage, aone kwamba hakishiki moto. Maharage yakaiva upesi ajabu. Upepo ukabeba cheche, ukingo wa paa ukaanza kufuka. Mayala yumo ndani! Nikamnyakua huku napiga yowe. Bernadeta alikuwa ameloweka dagaa. Akapanda ngazi na beseni zima, akamwaga. Ukazimika! Akashuka amelowa, akasema haya mama Mayala, sasa hata paa lako lina kitoweo. Nikacheka, nikalia, nikamkumbatia. Ananuka dagaa. Mimi pia.

Jumapili, 16 Julai
Venant na Bernadeta wamebandua samadi yote. Jiko wamelipeleka mbali na ukuta, wameweka ndoo ya maji na debe la mchanga mlangoni. Wanadhani yamekwisha. Jino la Mayala limetoka, kalala kama mfalme.
Nimetafakari. Kosa ni la ng'ombe. Wa huku wanakula majani makavu, samadi yao itaachaje kuwaka? Nimemwandikia kaka Josephat, kule Ilemela, mama mkwe asijue. Bado nahitaji aniletee: samadi magunia matatu, ya ng'ombe wanaokunywa maji ya ziwa, ngazi yangu mwenyewe, na dagaa madebe mawili, moja la kumrudishia Bernadeta, moja akae nalo tayari.