Mchoro wa Viuno vya Kwaya

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya kwaya nzima ya kina mama. (Si kwa mwili. Afadhali ingekuwa kwa mwili.)

Nina shangazi, Waya Perez ("waya" kwetu ni shangazi), fundi wa nguo pale Otonglo. Anashona vizuri ajabu, ila anachelewesha. Wiki iliyopita kina mama wa kwaya walimwambia wazi: sare ya mwaka huu watanunua sokoni Kondele, zilizoshonwa tayari. Waya alifunga duka saa tisa mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona. Roho iliniuma sana.

Sasa mimi nimemaliza kozi ya uchambuzi wa data. (Ya mtandaoni. Cheti ninacho, msiulize zaidi.) Nikamwambia, "Waya, daftari lako la vipimo ni dhahabu. Nikiliingiza kwenye kompyuta, tutajua saizi ya kila mtu kabla hajafika. Unakata kitambaa mapema, unamaliza mapema."

"Hiyo daftari ni ya mimi na wateja yangu," akasema.

"Niamini, Waya."

Akaniamini, masikini.

Leo asubuhi nikawaita kina mama dukani, niwaonyeshe kwamba Waya sasa ni fundi wa kisasa. Wakaja wanane. Nikaweka laptop juu ya meza ya kukatia, nikafungua mchoro. Kila mama na mstari wake, rangi yake, kiuno chake cha miaka yote. Majina nilikuwa nimeyaficha. Nilidhani nimeyaficha!

Mama Risper, kiongozi wa kwaya, akasogeza miwani. "Hii kijani inapanda kama barabara ya Maseno ni ya nani?"

Jina lake lilikuwa pale pale mwisho wa mstari.

"Yawa! Ni kiuno yangu hii?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kisha kila mmoja akatafuta mstari wake, na kicheko kikakatika. Waya alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Niliona sare zote zikielekea Kondele.

Mtu mwenye akili angefunga kompyuta. Mimi nikatafuta mstari wa kuniokoa. "Lakini mtazameni Mama Awuor! Ameshuka inchi nane kwa mwaka mmoja! Hongera, Mama!" Nikapiga makofi. (Peke yangu.)

Mama Awuor alikuwa amekaa karibu na cherehani. Alijaribu kucheka, machozi yakamtoka.

"Si ulituambia ni dayati?" Mama Risper akamuuliza.

"Ningesema nini? Tangu kitinda mimba wangu aende kazi Nairobi, kupikia mtu moja imenishinda. Nakunywa chai, nalala."

Nilitamani ardhi ipasuke. Waya akasema polepole, "Mimi nilijua. Nilikuwa nampunguzia nguo, nanyamaza, nangoja aseme mwenyewe. Kipimo ya mtu haitangazwi, Ouma." Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Mama Risper akasimama. Nikajiandaa kwa kofi.

"Sisi tunapanda, mwenzetu anashuka, na kila Jumapili tunaimba bega kwa bega," akasema. "Hii aibu ni yetu." Akamshika Mama Awuor mkono. "Kutoka leo hauli peke yako. Tutakuja kwa zamu. Zamu ya kwanza ni ya huyu mwenye mdomo."

Kisha akamgeukia Waya. "Perez, fundi wa kututunzia siri hivyo nitampata wapi Kondele? Nguo utashona wewe, na hiyo polepole yako. Lakini hiyo kompyuta isinione tena!"

Waya akacheka mpaka akaangusha tepu ya kupimia. Nami nikacheka, halafu nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Sasa hivi ni saa kumi na mbili unusu, niko kwa Mama Awuor. Amenipikia samaki, ngege wa mchuzi, na ugali wa watu sita. Anapita huku na huku akiimba sauti ya pili, anauliza kama nakula pilipili. Amekuwa akiniita "wuoda", mwanangu, tangu nivuke mlango, kana kwamba si mimi niliyemliza asubuhi.

Kwa hiyo mkitaka kunicheka, chekeni haraka. Chakula kiko mezani, na amekataa kuanza bila mimi.