Bustani Namba Saba na Kosa la Kunusa Maua

Kwako Bibi Hargreave,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ziara ya Bustani,
Askerby.

Bibi Mwenyekiti,

Natumaini hujambo, na goti lako limepata nafuu tangu uliposimama siku nzima kukata keki. Mimi sijambo kwa mwili tu. Barua yenu nimeipata jana. Inasema kwamba mwakani, wenzangu wa kujitolea watakapokuwa wanaonyesha wageni bustani zao, mimi nitakuwa kwenye malisho ya ng'ombe nikipanga magari ya wageni, nimevaa koti la njano. Baada ya miaka kumi na moja ya kujitolea kuwafungulia wageni geti langu! Naomba nirudishiwe bustani yangu, Namba Saba kwenye ramani ya ziara, kwa sababu hizi:

1. Mlinipanga baada ya chai. Wageni walinifikia wameshiba keki, macho mazito. Mmoja alisinzia kwenye kiti changu, watu wakadhani ndiye mwenye bustani. Wakampongeza.

2. Kati ya wageni thelathini na wanne, ishirini walikuja kuuliza choo. Choo kiko nyuma, karibu na maharage ya mke wangu Enid, na wakishatoka hawarudi mbele ng'o! Wanabaki kule: "Mama, haya umeyafanyaje mpaka yakapanda hivi?" Naye Enid anawaeleza mambo ya samadi mpaka wanaandika. Mimi niko mbele na maua yangu, kama bwana harusi aliyekimbiwa.

3. Kuhusu vyungu. Nakiri kwamba konokono walinimalizia maua yote wiki moja kabla ya ziara. Nakiri nilinunua mengine dukani nikayafukia ardhini na vyungu vyake. Lakini nani hapa Askerby hajawahi kufukia chungu? Kosa langu ni kusahau kubandua karatasi za bei. Yule bibi mwenye kofia ya zambarau aliinama kunusa, akayumba, akashika ua, ua likatoka na chungu chake. Akapiga kelele: "Jamani, njooni muone! Hili limeota na bei yake!" Nilimwambia ni aina adimu sana. Nakubali, jibu hilo halikunisaidia.

4. Kwa hiyo, Bibi, tatizo ni kunusa. Wageni wote wazuru mikono ikiwa mfukoni. Wenye kofia waje na cheti cha daktari. Wenye pua ndefu wasimame barabarani, waelezwe harufu kwa mdomo.

5. Na ili haki itendeke, magari uyapange wewe. Jumapili, ulipokuwa kanisani, niliingia kwako nikatikisa mawaridi yako yote, moja moja. Yana mizizi. Hilo nalo linatia shaka.

Utasema, Desmond, ni bustani tu. Inaniuma, Bibi. Kila Juni nyumba zinabandikwa namba getini, na isiyo na namba watu wanaipita wakidhani mwenyewe keshakufa. Sitaki kupitwa. Nimestaafu posta, sina kingine cha kuonyesha mtu.

Nisalimie Bwana Hargreave, akina mama wa keki, na hata yule bibi wa kofia ukimwona. Mwambie chungu chake nimekihifadhi.

Ni mimi, mlalamikaji wenu mwenye heshima zote,

Desmond Pickersgill

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, Enid aliisoma barua yenu. Kumbe ina upande wa pili. Huko mmeandika kwamba Namba Saba inabaki kwenye ramani, kwa ajili ya maharage, na mwenye bustani ni Enid. Nilitaka kuichana hii yangu, lakini amenipokonya: "Itume, baba, na wao wacheke." Basi naomba koti la njano, saizi kubwa. Enid anasema siku hiyo nikitaka kuingia nyumbani, ninunue tiketi getini kama mgeni mwingine yeyote.