Mwamuzi Aliyekula Kahawa na Washindani

Watu wakijazana mahali, ama kuna msiba ama kuna ujinga. Kahigi, mtu wa Bukoba mjini, alisimamisha baiskeli yake mbele ya baraza ya Isingiro, akatega sikio, hakusikia kilio. Akashuka, akaweka kofia yake sawa, akashukuru Mungu.

Karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni. Waliojua kusoma walikuwa wameisoma mara mbili, na wasiojua walikuwa wakiisoma kwa kuitazama sana. Ilisema kwamba Jumamosi ya wiki ya pili kutakuwa na uchaguzi wa kazi za mikono: vikapu, vyungu, ngoma, nguo za magome, na kila kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu. Waamuzi watatu watachagua kazi tatu ziende kwenye maonyesho Bukoba, na mwenye kazi ya kwanza ataajiriwa kufundisha shule ya misheni, apewe na nyumba. Kila kazi itafungwa namba tu bila jina, ili mwamuzi asijue anamchagua nani.

Kahigi aliposoma hapo pa namba akatabasamu kama paka aliyeona mlango wa jikoni hauna komeo. Maana aliwaza hivi: watu watatu lazima wachaguliwe, nitake nisitake. Na mtu akichaguliwa haulizi amechaguliwa kwa nini. Huuliza aliyeachwa.

Akaanza na mzee Elieza, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Elieza alikuwa amechonga kyanzi, kile chombo cha mti cha kuwekea maziwa, na alikuwa akikipaka samli kila asubuhi utadhani ni bibi harusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa watu, mzee. Nimesikia una kyanzi. Lakini mwamuzi ana macho mawili, na kazi zitakuwa hamsini. Unaye mtu wa kumshika kichwa akigeuze upande wako?"

Elieza akaacha kupaka samli. "Kwani wewe unawajua waamuzi?"

"Mzee wangu," Kahigi akasema, akishusha sauti kama mtu wa kanisani, "mimi siyo mtu wa kujisifu."

Mtu mwenye tamaa ukimnyima jibu hujijibu mwenyewe, tena hujijibu vizuri kuliko ambavyo ungemjibu. Elieza akauliza bei.

"Yule mtamba mwekundu."

"Mtamba! Na kyanzi changu kikiachwa?"

"Nani amesema nimchukue leo? Mtamba akae kwako, anywe maji yako. Siku hiyo mlete tu pale ukingoni mwa uwanja. Ukichaguliwa, nitamfungua kamba. Ukiachwa, mtamba ni wako na aibu ni yangu."

Mzee akaugeuza ule mpango kushoto na kulia akitafuta tundu, hakuliona. Lakini hakuwa mtoto. "Maneno ni upepo," akasema. "Tule kahawa."

Kitendawili: mapacha wamelala kitanda kimoja, wamejifunika blanketi moja jekundu. Ni tunda la kahawa, na mbegu zake mbili. Katika nchi ile, watu wawili wakitaka kuwa ndugu, kila mmoja huchanjwa kidogo karibu na kitovu, mbegu hupakwa damu, wakabadilishana wakameza. Tangu hapo ndugu wa kahawa humpigi. Humkani mbele ya watu. Na akikuomba kitu humnyimi, ila ombi ni moja tu kila upande, mpaka mwezi mwingine uandame. Anayevunja, tumbo huvimba, na dawa yake haijapatikana.

Kahigi alikuwa amezoea kahawa ya Bukoba, ambayo watu huitafuna barazani kama karanga. Akaona hii ni ileile, imeongezwa mkwaruzo. Akavua koti, akachanjwa, akameza.

Siku ya pili alikuwa kwa Adelgunda, mfinyanzi na mpika pombe, mwanamke ambaye sauti yake ilitangulia kufika kila alikokwenda. Naye akaahidi kondoo, akadai kahawa. Siku ya tatu akawa kwa Kashaija, mtengeneza nguo za magome. Beberu, na kahawa. Siku ya nne akawa kwa Byaruhanga, mpiga ngoma, aliyeahidi mbuzi jike mwenye mimba, akamkaribisha na ndizi za nyama kabla ya kahawa. Tumbo la Kahigi lilianza kufanana na la mbuzi aliyepita kwenye miiba. Lakini mtu gani amewahi kupata mtamba kwa mikwaruzo minne?

Alipokuwa akitoka kwa Byaruhanga, akaitwa kutoka jikoni.

"Mwanangu, hebu njoo kidogo."

Alikuwa Kobugabe, mjane wa kaka yake Byaruhanga. Tangu mumewe afe alikuwa akilala jikoni kwa shemeji yake, kati ya mafiga na kuku, akikohoa moshi na kusuka vikapu. Byaruhanga alimwambia kila wiki kwamba nyumba ni ndogo. Kama kulikuwa na mtu Isingiro nzima aliyeitaka ile nyumba ya misheni kama mgonjwa anavyotaka maji, alikuwa yeye.

"Na mimi nina kikapu," akasema. "Nimesikia mnaongea."

"Mama, una mnyama?"

"Nina kikohozi."

Kahigi akacheka. Mama yule hakuwa na kitu, na mtu asiye na kitu haibiwi.

"Basi sitakuomba neno lolote kuhusu waamuzi," Kobugabe akasema. "Kikapu changu kitajisemea. Lakini mimi sina ndugu. Tule kahawa tu, niwe na wa kuniita dada."

Kahigi akawaza: mkwaruzo mmoja zaidi, nao ni wa thawabu. Akameza mara ya tano.

Jumamosi ikafika. Mikeka ilitandikwa, kazi zikapangwa, kila moja na namba yake imefungwa kwa uzi wa mgomba. Ukingoni mwa uwanja walikuwa wamefungwa mtamba mmoja, kondoo, beberu, na mbuzi mwenye mimba, na kila mwenye mnyama alimtazama mwenzake akijiuliza, huyu naye mnyama wa nini siku ya vikapu?

Waamuzi walikuwa wawili tu: mwalimu Ndyamukama, na Mama Placidia, mke wa katekista. Wa tatu, bibi mmoja wa Kizungu, alituma ujumbe kwamba gari lake limezama kwenye tope huko Kanoni.

"Wawili tukibishana, nani atatuamua?" mwalimu akasema. "Tutafute wa tatu. Mtu asiye na kitu mkekani, wala ndugu uwanjani."

"Kahigi!" Elieza akapaza sauti.

"Kahigi!" akasema Byaruhanga, wakati uleule.

"Yule wa Bukoba!" Adelgunda akanguruma, na Kashaija akawa tayari amekwisha kumshika Kahigi mkono na kumsukuma mbele. Wote wanne wakatazamana kwa shukrani. Kila mmoja aliona jinsi Mungu alivyomtumia majirani wema wasiojua wanachokifanya.

Kahigi akapewa maharage matatu ya kuweka kwenye kazi anazozichagua, kama waamuzi wenzake. Sasa hana haja ya kungoja bahati. Atamchagua mtamba, atamchagua beberu, atamchagua mbuzi mwenye mimba! Akauendea mkeka kwa mwendo wa askofu. Hapo ndipo alipokwama. Vyanzi vilikuwa vitatu. Ngoma zilikuwa nne. Nguo za magome zilikuwa sita. Na katika siku zote zile za kula kahawa, Kahigi hakuwahi kutazama kazi ya mtu hata mmoja.

Akainama kwenye kyanzi cha kwanza. Kimya. Akainama kwenye cha pili, Elieza akakohoa. Vizuri. Akasogea kwenye ngoma, Byaruhanga akakohoa. Lakini Kashaija, aliyesikia watu wanakohoa na kufikiri huenda ndiyo dawa, naye akakohoa, na Adelgunda akakohoa mpaka kuku wakaruka.

"Kifua gani hiki kimeingia?" Mama Placidia akauliza.

"Mwamuzi ale kiapo kwanza," mwalimu akasema, akiwatazama watu kwa macho ya darasani. "Bwana Kahigi, una ndugu hapa?"

"Hata mmoja, mwalimu. Mimi ni yatima wa Bukoba."

Nyuma ya watu ikasikika sauti ndogo ya mtu wa moshi. "Mwanangu. Na kahawa?"

Kahigi akajikuna tumbo bila kutaka. "Ah, ile… ile ilikuwa kahawa tu."

"Kahawa tu?" Elieza akasimama. "Kwangu ulikula kahawa tu?"

"Kwako?" Byaruhanga akageuka. "Alikula kwangu!"

"Kwangu alimeza akaomba na pombe ya kushushia!" Adelgunda akasema. "Na kondoo wangu je?"

"Kondoo gani? Kuna beberu!"

"Na mtamba!"

Mwalimu Ndyamukama hakuhitaji kuuliza tena. Alichukua fimbo yake, akawauliza wanne wale namba zao mmoja mmoja, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kujitaja kwa vinywa vyao, wakajibu. Kyanzi, chungu, nguo na ngoma vikaondolewa mkekani. "Aliyemwahidi mnyama mtu wa kununua waamuzi, kazi yake irudi nyumbani," akasema. "Na wewe, Kobugabe, ulimwahidi nini?"

"Sikuwa na kitu, mwalimu. Nilimpa undugu."

"Hilo si kosa. Kikapu kibaki. Na wewe, Bwana Kahigi, rudisha maharage."

Byaruhanga akanyanyua rungu. Elieza akamdaka mkono. "Unataka tumbo likuvimbe? Umekula naye."

Rungu likashuka. Wanne wale wakasimama wakimtazama Kahigi kama watu wanaotazama ndizi iliyoiva juu ya mti usiopandika. Halafu uso wa Elieza ukafunguka polepole.

"Ndugu yangu," akasema kwa upole wa kutisha, "nina ombi. Naomba baiskeli."

Kahigi akawatazama watu. Watu wakalitazama tumbo lake. Akaitoa baiskeli.

"Nami naomba koti na shati, ndugu yangu," akasema Byaruhanga. Koti likavuka, shati likavuka, na mikwaruzo mitano ikaonekana imejipanga kama mistari ya daftari. Uwanja ukalia kwa kicheko.

"Viatu, kaka," akasema Adelgunda. "Mguu wangu na wako ni mmoja."

Kashaija akaomba suruali. Alikuwa mtu wa aibu, akaiomba kwa kutazama pembeni.

Kahigi akabaki na bukta na kofia, na kofia haikutosha kufunika palipohitaji kufunikwa. Akamkimbilia Kobugabe. "Dada! Dada yangu, naomba kitu cha kujisitiri!"

"Hilo ndilo ombi lako kwangu?"

"Ndilo!"

"Watu mmesikia," akasema Kobugabe, akamvika nguo ya magome aliyokuwa amejitanda.

Mtu akishafunikwa, akili humrudia. Kahigi alijifunga ile nguo vizuri begani, akatembea hatua mbili, akasimama. Ukimwona mjanja anasimama ghafla namna ile, shika mfuko wako.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti ya kanisani ilikuwa imerudi, "ombi si moja kila upande? Nyinyi mmeomba. Mimi bado." Akamgeukia Elieza. "Ndugu yangu mpenzi, naomba mtamba."

Elieza akalitazama tumbo lake mwenyewe, ambalo tayari lilikuwa kubwa na hakutaka liongezeke.

"Wewe, ndugu yangu, beberu. Wewe, mbuzi na mimba yake. Dada Adelgunda, kondoo."

Adelgunda alimtukana kwa Kinyambo, kwa Kihaya, na kwa Kiswahili kidogo alichojua, lakini kamba akaitoa. Kahigi akazishika kamba zote nne mkononi, mtu wa nguo za magome kama mfalme wa zamani, akainama kwa heshima, na watu wengine wakaanza hata kumpigia makofi.

"Mwanangu," Kobugabe akasema. "Mimi sijaomba."

Kahigi alisimama mguu mmoja ukiwa hewani.

"Wewe umeomba nguo, nimekupa, na umeivaa. Na mimi ni ndugu yako, au ilikuwa kahawa tu?"

"Si kahawa tu," Kahigi akasema kwa sauti ndogo.

"Basi naomba hizo kamba."

Kahigi akaanza kucheka, kicheko cha fundi anayeona kazi ya fundi mwenzake, akampa kamba moja moja. "Dada, haya umejifunzia wapi?"

"Jikoni, mwanangu. Ukuta wa matete, na wageni wanaongea sana."

Kahigi akamwinamia, akashika njia ya Bukoba kwa miguu, na wanaosema walimwona wanasema aliuliza kila mtu njiani kama kuna mahali watu wamejazana.

Wakati watu bado wanabishana, mwalimu na Mama Placidia walikuwa wamekwisha kupita mkekani. Walimimina maji katika kila kikapu, wakahesabu mpaka kumi. Vingine vilivuja kwa tatu, vingine kwa saba. Kimoja kilikataa hata kutoa jasho. Mama Placidia akaweka harage lake hapo, na mwalimu akaweka lake juu yake, na namba ilipofunguliwa kwenye daftari la karani, jina lilikuwa la Kobugabe.

Byaruhanga alikuwa wa kwanza kumpongeza. Akasema shemeji, nyumba yetu ni kubwa, kwa nini uhame? Kobugabe akamshukuru, akaendelea kukunja mkeka wake.

Elieza alimfuata mpaka njiani, akiisukuma baiskeli asiyojua kuipanda. "Mama Kobugabe," akasema, "yule mtamba nimemlea kwa mkono. Nakuomba."

"Ombi zuri, mzee. Ila mimi na wewe hatujala kahawa."

Mzee akaingiza mkono haraka mfukoni, akatoa tunda jekundu, akalipasua kwa meno, akamnyooshea mbegu moja.

Kobugabe akashika shavu. "Nisamehe, mzee wangu," akasema, akivuta kamba. "Leo jino linaniuma."